Trela iliyochukuliwa na benki Texas: mwezi wa tano sasa hatusaini, kisa "hati ina tatizo". Kuna aliyepita hapa?

MtotoWaTandika (mleta uzi)
Wakuu habari zenu. Niko Texas, kama saa moja na nusu kutoka Houston. Mwezi wa pili tuliweka ofa kwenye mobail homu (trela, nyumba inayotengenezwa kiwandani ikavutwa mpaka kiwanjani) ambayo benki ilimchukulia mwenyewe baada ya kushindwa mkopo. Ni dabo waidi (vipande viwili vimeunganishwa) ya 1998, vyumba vitatu, imekaa kwenye eka moja yake yenyewe, sio ya paki ambako unakodi kiwanja. Benki ikakubali bei ndani ya siku tatu, nikaweka dipoziti, mkaguzi akaja akakuta bomba mbili tu zimepasuka, mke wangu akaanza mpaka kuchagua rangi ya jikoni. Tulitakiwa kusaini siku ya 30. Leo ni mwezi wa tano tunasubiri, kila Ijumaa napiga simu naambiwa "hati ina tatizo, tunalishughulikia". Hati gani sasa? Ardhi benki inayo, nimeingia mwenyewe kwenye rekodi za kaunti nikaona jina la benki lipo. Riba niliyofungiwa na mkopeshaji wangu imeisha muda mara mbili na kila ikifungwa upya inapanda, apartimenti nalipa mwezi kwa mwezi kwa bei ya juu kwa sababu nilishatoa notisi ya kuhama, na watoto wanne wanalala chumba kimoja.

Naomba kueleweshwa, inawezekanaje benki iwe na ardhi halafu isiwe na nyumba iliyo juu ya hiyo ardhi?

Baba_Kareem
Pole sana kaka. Inawezekana, tena ni kawaida. Hapo una vitu viwili: kiwanja kina hati yake iko kaunti, na trela ina kadi yake kama gari. Ikitoka kiwandani inatoka na namba ya chesisi, ekseli na mataili, inavutwa na lori barabarani, kwa hiyo sheria inaiona ni mali inayohamishika hata kama mwenyewe kaijengea baraza na kuzungushia maua. Inabaki hivyo mpaka mwenyewe aombe rasmi ihesabiwe pamoja na ardhi. Watu wengi waliohamia miaka ile hawakuomba, hakuna aliyewaambia. Sasa mtu akishindwa mkopo, benki inapiga mnada kwa karatasi ya ardhi pale kaunti, Jumanne ya kwanza ya mwezi kama ilivyo Texas, inapata ardhi safi kabisa, halafu trela inabaki kwenye rekodi za jimbo kule Austin kwa jina la mtu mwingine. Wanakuja kushtuka siku wanataka kukuuzia wewe.

sinza_kijiweni
Samahani wakuu mimi niko Dar nasoma tu. Nyumba ina KADI? Kama ya bodaboda?

Baba_Kareem
@sinza_kijiweni Ndiyo. Majimbo mengi inatolewa na ofisi hiyohiyo inayotoa kadi za magari. Texas wana ofisi yake maalumu, kitengo cha nyumba hizi ndani ya idara ya nyumba ya jimbo, TDHCA, iko Austin. Zamani karatasi yenyewe ilikuwa inaitwa title, 2003 wakaibadilisha, na toka 2017 inaitwa Statement of Ownership. Inaandikwa nani mwenye trela, nani anaidai, na kama inahesabiwa mali ya kawaida au sehemu ya ardhi.

sinza_kijiweni
Nimeelewa. Sawa na mtu ana kontena lake kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Kiwanja kikiuzwa kontena linabaki la mwenyewe.

MzeeWaTrela
Huyo wa Sinza kaelewa kuliko madalali wengi wa huku.

Shiru_MN
Woiye pole. Si hii inaweza kuwa ile muda ya kukomboa? Hapa Minnesota sherifu akishauza nyumba, mwenyewe ako na miezi sita ya kulipa arudishiwe, na hiyo miezi sita hakuna kitu unaweza fanya. Kuna jirani yetu alingoja hivyo mpaka akachoka. Labda wanakwambia hati juu hawataki kukuelezea yote.

Baba_Kareem
@Shiru_MN hapana dada, hiyo ni ya kwenu. Texas mnada wa mkopo ukishapita hakuna kukomboa. Kukomboa kupo kwenye mnada wa KODI ya ardhi, hapo mwenye nyumba aliyokuwa anaishi ana miaka miwili na mali nyingine miezi sita. @MtotoWaTandika hebu thibitisha, ilichukuliwa na benki kwa mkopo au kaunti kwa kodi?

MtotoWaTandika
Benki, kwa mkopo. Karatasi ya mnada nimeiona.

Kaka_Orlando
Mkuu mimi najua tatizo lako na nitakwambia kwa neno moja: MBILI. Dabo waidi ina kadi mbili. Ile nyumba ilikuja vipande viwili, kila kipande kina namba yake, moja inaishia na A nyingine B, na kila kipande kina kadi yake. Mimi hapa Florida nilinunua mwaka juzi, siku ya kusaini muuzaji kaja na kadi moja anachekelea, karani anamuuliza ya pili iko wapi, mzee wa watu anasema hajui kama kuna ya pili. Kumbe aliyemuuzia alimpa moja tu na ya pili ilikuwa bado ina jina la mama mmoja aliyehamia Georgia. Wiki kumi na moja! Nusu ya jikoni ilikuwa yangu na nusu ya mama wa Georgia. Mwambie dalali wako atafute kadi ya kipande B na utasaini wiki ijayo.

Baba_Kareem
Kaka Orlando hiyo ni Florida. Texas karatasi ni moja, vipande vyote vinaandikwa humohumo na namba zake. Usimpeleke mtu kutafuta karatasi ambayo haipo.

Kaka_Orlando
Sawa nimesahihishwa, lakini makosa ya namba si yanaweza kuwa kwenye karatasi moja pia? Herufi moja ikikosewa kwenye namba ya B ni kama haipo.

MzeeWaTrela
Hapo Kaka Orlando ana hoja. Mimi kazi yangu ni kuvuta hizi trela na kuzifunga kwenye viwanja, huu mwaka wa kumi na nne, na kila wiki nakutana na namba ambazo hazifanani. Mleta uzi, kabla ya kulaumu mtu nenda kaangalie vitu vitatu.

Nje, mwisho wa kila kipande kuna kibati chekundu kidogo kimepigwa ripiti, ukubwa kama sanduku la kiberiti lililokunjuliwa. Hicho ni cha HUD, idara ya nyumba ya serikali kuu, kinawekwa kwenye kila nyumba iliyotengenezwa toka tarehe 15 Juni 1976. Ya kabla ya hapo haina, na mikopo mingi haigusi hizo, ila yako ni ya 1998 kwa hiyo lazima iwe navyo viwili. Pili ndani, fungua makabati ya jikoni, au kloseti ya chumba kikubwa, au pale kwenye boksi la umeme, kuna karatasi imegundishwa ina jina la kiwanda, namba, tarehe na ramani ya upepo. Tatu chini, kwenye chuma cha mbele kabisa cha chesisi namba imegongwa. Hii ya chini ndio haidanganyi, watu hawaifikii kuipaka rangi.

Vibati watu wanavibandua wakati wa kuweka ukuta mpya wa nje, wanaona takataka. HUD hawatoi kingine, kuna taasisi inaitwa IBTS inakuandikia barua kwamba kilikuwepo, na Texas wenyewe wana sili yao ya kubandika badala yake. Hiyo nayo inakula wiki.

Jirani_wa_Irving
Nafuatilia. Na sisi tumeweka ofa kwenye ya namna hii.

Furaha_Louisville
Jambo wote. Mimi niko Kentucky, nyumbani ni Bukavu. Kwetu ilikuwa maneno ya marehemu. Bwana na bibi walikuwa kwenye kadi pamoja, bwana alikufa, bibi akaendelea kulipa mpaka akashindwa, benki ikachukua. Lakini kadi bado iko na jina la bwana, na bwana hawezi kuja kusaini. Watoto wake watano, mmoja iko Ohio, mmoja iko jela, mmoja hawaongei na mama. Benki ikatafuta sahihi ya kila mmoja. Tulingoja miezi saba. Hapa Kentucky kuna kiapo cha kubadilisha trela kuwa nyumba ya ardhi, unakipeleka kwa karani wa kaunti, lakini huwezi kukifanya kama kadi haiko kwa jina lako kwanza. Kila mlango unafunguliwa na ufunguo uko ndani ya mlango mwingine. Tafuta kujua aliyepoteza nyumba alikuwa mmoja ao wawili.

MtotoWaTandika
@Furaha_Louisville asante dada, pole kwa yaliyowapata. Kwenye karatasi ya mnada kuna jina moja tu, mwanaume. @MzeeWaTrela nitaenda Jumamosi, dalali ana ufunguo.

DadaHati
Naomba niingie, hii ndio kazi yangu ya kila siku, niko kampuni ya hati na bima ya hati, ile inayokulinda hati ikija kuonekana ina kasoro (sio huko kwenu, lakini Texas hiihii). Mengi yaliyosemwa ni kweli, ila mnaruka jambo la kwanza ambalo mimi nikipata faili la hivi naliangalia kabla ya yote: ile karatasi ya mkopo ya aliyenyang'anywa ilitaja nini? Unakuta karani wa mkopo mwaka ule aliandika vipimo vya ardhi tu, eka moja, mpaka huu na huu, hakuandika hata neno moja kuhusu trela, kiwanda, mwaka wala namba. Kama haikutajwa na haikuwa imeunganishwa na ardhi, basi mnada haukuiuza. Benki kweli haina nyumba. Hapo si suala la kuchelewa posta, ni mpaka wamtafute mwenyewe asaini kwa hiari, na mtu uliyemtoa nje na watoto wake hana hamu ya kukusainia, au waende mahakamani jaji aamue ni ya nani.

Kingine ambacho ni cha Texas kabisa: mtu anaweza kuchagua kule Austin kwamba trela iwe sehemu ya ardhi, akapewa karatasi, akaiweka droo. Haijakamilika! Nakala iliyothibitishwa inatakiwa isajiliwe kwa karani wa kaunti ndani ya siku 60, na Austin wapewe taarifa. Isiposajiliwa, Austin wanasema hivi na kaunti inasema vile. Hili ninaliona kuliko yote. Na sisi kama kampuni hatuwezi kutoa ile nyongeza ya bima ya trela, hapa Texas inaitwa T-31, mpaka pande zote mbili zifanane, na bila hiyo nyongeza mkopeshaji wako hatoi pesa. Kwa hiyo ukiambiwa "hati ina tatizo" huenda anayegoma ni mkopeshaji wako mwenyewe.

Mleta uzi, nenda kwenye tovuti ya TDHCA, kuna sehemu ya kutafuta rekodi bure, unaweka namba ya kibati au ya chesisi au jina. Usisubiri benki ikwambie.

Shiru_MN
Haki ya nani nimesoma hii post mara tatu. Kwani hawa watu wa benki hawana mtu kama wewe?

Ngosha_Dallas
Wanao, ila faili halimfikii. Nisikilizeni mimi, nimefanya usafi wa nyumba za benki miaka sita, kukata majani, kubadilisha vitasa, kutoa takataka. Aliyetoa mkopo aliuuza. Aliyeununua akampa kampuni nyingine ikusanye malipo. Nyumba ikichukuliwa inaenda kwa ofisi nyingine ya kuuza, ofisi hiyo inampa dalali, dalali hajawahi hata kukutana na anayemtuma. Kila wakihama ofisi karatasi zinapungua. Kadi ya trela ni karatasi ndogo, ya kwanza kupotea. Sijaona mwenye nia mbaya, ila sijaona pia wa kunyanyua simu apige Austin, kwa sababu kwenye orodha ya kazi yake hiyo nyumba ni moja kati ya mamia na ni ya bei ndogo kuliko zote. Nyumba ya matofali ya dola laki nne ikikwama wanaajiri wakili. Trela wanasema "tunalishughulikia".

DadaHati
@Ngosha_Dallas sikatai, lakini uzembe hautengenezi tatizo la hati, unalichelewesha tu. Tatizo lilikuwepo kabla.

Ngosha_Dallas
Dada yangu, mtu mwenye bidii lile tatizo analimaliza wiki nne. Miezi mitano ni uzembe.

Baba_Kareem
Mimi naongeza la tatu kwa sababu ndilo lililonikuta. Deni la zamani. Trela yangu niliinunua 2011 kwa mtu, kaniapia keshamaliza kulipa, na kweli alimaliza, nilionyeshwa risiti. Lakini mkopeshaji wake wa zamani hakuwahi kuandika Austin kwamba deni limekwisha, na alipokuja kutafutwa hayupo, ofisi imefungwa, simu haipo. Miezi minane nikiwa nalala kwenye nyumba ambayo kwa rekodi inadaiwa na kampuni iliyokufa. Mwaka 1998 ndio ulikuwa kilele cha mikopo ya trela, kampuni zilikuwa zinakopesha mtu yeyote anayepumua, halafu zikaanguka kama maembe. Mleta uzi mwaka wa nyumba yako unanipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote.

Mchambuzi_wa_Kilosa
Kama kampuni imekufa si unaandikia FDIC tu? Wao ndio wanabeba benki zilizokufa, wana ofisi kabisa ya kufuta madeni ya zamani.

DadaHati
FDIC ni kwa BENKI zilizofungwa zikawa mikononi mwao. Wakopeshaji wengi wa trela miaka ya 90 hawakuwa benki, zilikuwa kampuni za fedha tu. Mfano mkubwa ni Green Tree ya St. Paul, Minnesota. Conseco waliinunua 1998, Conseco wakaomba kinga ya kufilisika Desemba 2002, jina la Green Tree likarudi, 2015 likawa Ditech, na Ditech nao wakafilisika 2019. Kwenye rekodi unaweza kukuta jina lolote kati ya hayo, na kila moja lina mrithi wake wa kumtafuta. FDIC hana karatasi zao.

Mchambuzi_wa_Kilosa
Nimejifunza, asante.

Mama_Rehema
Jamani na kodi mmeisahau. Trela ikiwa haijaunganishwa, kaunti inatoza kodi ya trela peke yake mbali na ya ardhi. Benki inalipa ya ardhi inajiona imemaliza, ile ya trela inaendelea kumwandikia mwenyewe wa zamani, barua zinaenda kwenye nyumba tupu. Kila tarehe 1 Januari kodi ya mwaka huo inakuwa deni juu ya mali, kaunti inalisajili kule Austin, na karatasi haihamishwi mpaka mkusanya kodi aseme hakuna deni. Mdogo wangu ilikuwa ya miaka mitatu, pesa yenyewe haikufika hata kodi ya apartimenti ya mwezi mmoja, lakini kugundua kwamba ipo ndio kulichukua majira mawili ya mwaka.

Jirani_wa_Irving
Sasa mnanitisha. Niondoe ofa?

Mama_Rehema
Usiondoe, uliza maswali kabla hujalipa mkaguzi.

MtotoWaTandika
Wakuu nimerudi, tumetoka kule jana. Nawaambieni nilichokuta mniambie.

Ukutani kibati ni kimoja tu, kipande A. Upande wa B kuna matundu ya ripiti na ukuta umepakwa rangi mpya. Ile karatasi ya ndani ilikuwa kwenye kabati chini ya sinki, maji yameila nusu, mwaka na kiwanda vinasomeka, namba ya mwisho haisomeki. Nikaweka namba ya kibati cha A kwenye tovuti aliyoisema DadaHati. Imetokea! Mwenye nyumba kwenye rekodi ni MWANAMKE, amesajiliwa 2001, na jina lake halifanani hata herufi moja na yule mwanaume aliyenyang'anywa na benki. Na kuna mkopeshaji ameandikwa, kampuni ya fedha ya wakati huo, nimeigugo haipo. Inahesabiwa mali ya kawaida, sio ardhi. Nilikaa garini kama nusu saa sijui nimwambie nini mke wangu.

Baba_Kareem
Deni la zamani. Nilisema.

DadaHati
Subiri Baba Kareem. Deni ni nusu yake. Yule mama aliuza ardhi kwa huyu mwanaume, au alimuuzia mtu aliyemuuzia huyu mwanaume, na hakuna hata mmoja aliyepeleka Austin. Sheria inampa mnunuzi siku 60 kuomba karatasi mpya, watu wanadhani hati ya ardhi inatosha. Kwa hiyo mnyororo umekatika toka alipouza mama. Hata deni likifutwa leo, benki bado haina njia ya kufika kwa mama.

Furaha_Louisville
Na mama kama hai ao marehemu hatujui. Tazama kwanza hapo.

Kaka_Orlando
Na kipande B? Mimi bado niko kwenye kipande B.

Mchambuzi_wa_Kilosa
Kuna njia nyingine nimesoma, Texas trela ikikaa tupu miezi minne na deni lake halilipwi, mwenye ardhi anaweza kutangaza imetelekezwa, anatoa notisi siku 45, wasipokuja kuitoa inakuwa yake. Benki ndio mwenye ardhi. Si watumie hiyo?

DadaHati
Ipo, na wenye paki wanaitumia. Lakini notisi lazima iende kwa mwenye rekodi, kwa anayedai na kwa mkusanya kodi, na mwanasheria wa benki ataogopa kutangaza "imetelekezwa" nyumba ambayo benki yenyewe ndiyo iliyowatoa watu ndani yake. Mimi naona watakwenda kwa jaji. Sio mbaya, amri ya mahakama Austin wanaiheshimu.

Mchambuzi_wa_Kilosa
Mimi bado naona siku 45 ni fupi kuliko mahakama yoyote.

Ngosha_Dallas
Na mimi bado naona hakuna aliyepiga simu. Mleta uzi kagundua kwa simu yake akiwa ndani ya gari, bure, siku moja. Wao miezi mitano.

Shiru_MN
Hapo Ngosha amemaliza.

Bi_Mwanaidi_NH
Salaam. Mimi niko New Hampshire, huku trela sheria inaihesabu ni nyumba toka mwanzo, hata iliyo kwenye paki, inauzwa kwa hati inasajiliwa kaunti kama nyumba nyingine zote. Niliponunua sikusikia habari ya kadi kabisa, leo ndio nasikia kwamba wenzetu wanateseka hivi. Kama jimbo dogo limeweza kuna ugumu gani kwa wengine?

Baba_Kareem
Swali zuri Bi Mwanaidi. Wakopeshaji wanapenda kadi kwa sababu mtu akishindwa wanavuta trela upesi kuliko kupiga mnada nyumba. Ikiwa nyumba lazima wafuate taratibu zote. Basi tunaumia sisi tunaokuja baadaye.

MzeeWaTrela
Sio wakopeshaji tu mkuu. Wenye trela wengine hawataki kuunganisha kwa sababu wanataka siku moja waing'oe wahame nayo. Nimeng'oa nyingi. Ingawa ukweli ni kwamba nyingi zikishafungwa hazitoki tena, ya mwaka 1998 ukiivuta leo paa linalia njia nzima.

Kaka_Orlando
Mzee, na upepo? Huko kwenu vimbunga.

MzeeWaTrela
Za baada ya 1994 ni ngumu zaidi, kimbunga Andrew cha 1992 ndicho kilifanya HUD wabadilishe. Ila angalia ile ramani kwenye karatasi ya ndani kama imetengenezwa kwa ukanda wa pwani, na nyaya za kufunga chini ziwe zimekaza. Mleta uzi ramani ilisomeka?

MtotoWaTandika
Ramani ilibaki, imetiwa alama kanda ya II, ile ya upepo mkali. Nyaya sijaangalia, chini kuna nyasi na nyigu.

Mama_Rehema
Baba, mimi nataka kujua jambo moja tu, watoto wako wako vipi? Maana nyumba inaweza kusubiri.

MtotoWaTandika
Wapo mama yangu, asante. Mkubwa anasomea jikoni usiku wenzake wakilala. Dalali kanishauri nichukue dipoziti niondoke. Mke wangu hataki, anasema eka moja kwa bei ile hatutaipata tena na shule iko karibu, na mimi rohoni nipo naye. Nimesaini nyongeza ya siku 30, ila nimeandika humo kwamba benki inipe kwa maandishi ni tatizo GANI, sio "tunalishughulikia". Na yale niliyoyapata nimemtumia dalali, na picha ya matundu ya ripiti.

DadaHati
Umefanya vizuri kuandika. Mwambie dalali aulize pia kama aliyenyang'anywa alikuwa na bima ya hati alivyonunua. Kama ilikuwepo na ilikuwa na ile nyongeza ya trela, kampuni ya bima inaweza kulazimika kulipia kusafisha hii. Na Jumatatu piga simu kaunti, uliza wanashikilia nini kwa namba ya kipande A. Tovuti haionyeshi kila kitu.

Ngosha_Dallas
Dada, na benki ikimjibu kwa maandishi "tunalishughulikia"?

DadaHati
Basi aandike tena.

MzeeWaTrela
@MtotoWaTandika Jumamosi napeleka trela upande huo huo wa kwako. Mwombe dalali aje na ufunguo, nitaleta tochi na dawa ya nyigu, nitaingia chini mimi mwenyewe nikusomee namba ya kipande B kwenye chuma. Nipe namba ya geti.

MtotoWaTandika
Mzee Mungu akubariki. Geti halina namba, lina mnyororo tu na boksi la barua la bluu limeinama. Nitakuwa pale saa mbili asubuhi.

Kaka_Orlando
Tuleteeni hiyo namba ya B hapa hapa kwenye uzi.